Pedi ya Pili Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 9 Machi 1998
Redio mbili zimepona. Ya tatu imekufa, nimemwambia mwenyewe alinunua maiti. Mvua tena. Mama mkwe bado yuko kwetu, maji yameangusha ukuta wa nyumba yake kule Misungwi. Analala chumba cha ndani, mimi nafanya kazi sebuleni, katikati pazia. Kwetu Wasukuma mkwe hatazamwi usoni, wala hamzungumzi ana kwa ana. Akipita, natazama dari. Dari yangu nimeshaijua kuliko fundi aliyeipiga.

Nikitafuta waya sandukuni nimekuta ile mashine yangu ya gemu. Ya kwanza kuingia Mwanza, asiyeamini aulize. Nilipewa na baharia niliyemwokoa na kiboko pale Kirumba. Kiboko mkubwa kama basi.

Jumanne, 10 Machi
Imewaka. Ningeshangaa isingewaka, imekaa kwa fundi.

Nimepuliza kaseti zote vumbi. Ya mpira. Ya ngumi. Na ile ya mapacha, mmoja mnene mmoja mwembamba, wamefungiwa ndani ya ngome inayojaa maji. Hiyo hakuna aliyewahi kuitaka. Kila mtu alikwama mlango wa kwanza akaitupa. Na mimi nilikwama, ila nilikwama kwa akili. Maelezo yake ni ya Kizungu, mimi darasa la nne, nayapita.

Leo nimeing'amua. Mnene akikanyaga jiwe, mlango unafunguka. Akitoka, unajifunga. Sasa nani apite? Mwembamba. Kumbe ni gemu ya kusaidiana. Pedi ya pili, kile kidude cha vitufe cha kuchezea mwenzako, hatukuwahi kuichomeka, miaka yote yule mwembamba kasimama pale anatungoja.

Deo akapita. Huyu ndiye mwenye banda la gemu mpya za sidii, kamaliza kidato cha nne, anajiona. Akacheka: "Mjomba, hiyo si ya kuchemshia uji?" Nikamwambia kaseti hii nilishaimaliza zamani, mpaka mwisho wake. Imenitoka tu. Akasema Jumapili baada ya kanisa analeta mtaa mzima nikawaonyeshe. Nikishindwa, nisisimulie tena hadithi kijiweni mpaka mwaka uishe.

Mimi, nisisimulie. Afadhali wanifunge.

Alhamisi, 12 Machi
Nimempa mke wangu Kabula pedi ya pili. Hawezi. Nikimwambia kanyaga jiwe anaruka. Nikimwambia ruka anauliza samaki wameungua? Tumezama mpaka nimechoka kuzama. Nina hasira.

Jioni akainuka kugeuza samaki, pedi akaiacha kwenye kigoda karibu na pazia. Mimi nikabaki natazama kioo cha TV. Mara yule mwembamba akatembea. Taratibu. Akaenda akasimama juu ya jiwe, mlango ukafunguka.

Nikageuza jicho kidogo. Kigoda kitupu. Waya wa pedi umeingia chini ya pazia.

 Ningesema nini? Mkwe huyo. Nikampitisha mnene mlangoni. Tukaendelea.

Ijumaa, 13 Machi
Mama mkwe ni hatari. Alikulia kwenye ng'ombe, anajua nani atangulie na nani azuie. Anachungulia kioo kwenye mwanya wa pazia, mimi nimekaa nimempa mgongo. Hatusemezani. Kabula anakaa katikati na sinia la mchele, anapeleka maneno ya Mayu, ndivyo anavyomwita mama yake.

"Mayu anasema usimame hapo hapo."

"Mwambie Mayu huku maji yanapanda."

"Kasikia, si kiziwi. Anasema simama."

Nikasimama. Tumevuka vyumba ambavyo hata waliotengeneza kaseti hawavijui.

Jumamosi, 14 Machi
Chumba cha mwisho. Tumeshindwa. Tena. Tena. Mnene lazima abaki ndani ya maji huku mwembamba anazungusha gurudumu. Mimi nikiona maji yamefika shingoni natoka. Nikitoka, mwenzangu anazama.

Kabula akaleta neno: "Mayu anauliza, kwani unafukuzwa na nani?"

 Halafu umeme ukakatika. Chumba hicho hatujakimaliza hata mara moja, na kesho ni Jumapili. Naogopa. Nimeandika, basi.

Jumapili, 15 Machi
Walijaa mpaka dirishani. Deo mbele, na viatu vya kanisani. Akauona waya: "Mjomba, huko nyuma umemfungia paka?" Watu wakaangua kicheko. Nikamwambia kaa, utaelimika.

Tulikwenda vyumba vyote bila kosa. Vicheko vikapungua. Chumba cha mwisho, maji yakanifika kiunoni, shingoni, puani. Kidole changu kilitaka kutoka. Nikakizuia. Mnene akafunikwa kabisa, watu wakasema kafa. Mimi nikabaki. Nyuma ya pazia sikusikia hata pumzi.

Gurudumu likazunguka. Maji yakashuka kama beseni limetobolewa. Lango likafunguka, mapacha wakatoka juani.

Maneno yakajaa kioo. Deo akasoma, sauti imepoa: "Wanasema hongereni nyote wawili." Akanigeukia. "Wa pili ni nani?"

Ningeweza kusema Kabula. Nikasema, "Mkwe wangu."

Walicheka kuliko mwanzo. Mjomba keshaanza, mkwe acheze gemu, kesho atasema kiboko. Neno moja la kweli kabisa, na hakuna aliyelimeza.

Nikasema ngojeni. Nikasimama, nikaenda nikaweka uso wangu ukutani. Nikamwambia Kabula fungua pazia.

Nikasikia pazia. Kicheko kikakatika. Kisha shikamoo, moja baada ya nyingine, ya Deo ndiyo kubwa kuliko zote. Na sauti ya mama mkwe, marahaba, marahaba, kama mtu anayepokea kuni. Mtaa mzima ulimwona na pedi mkononi, isipokuwa mimi. Nilikuwa naona chokaa tu na bado nilijisikia mrefu kufika bati.

Jumatano, 18 Machi
Ukuta umejengwa. Mama mkwe amerudi Misungwi asubuhi. Nilibeba mzigo wake mpaka kwenye basi, nikitembea mbele, sikugeuka.

Kijiweni wanataka niwasimulie ya Jumapili. Nimewasimulia. Maji yameshafika kimo cha ziwa.

Kabula ameniambia mama yake aliacha neno kabla ya kupanda basi. Alisema, huyu mumeo nilidhani ni mdomo tu, kumbe anajua kungoja.

Hilo sijamsimulia mtu.