Kinu cha Mpunga cha Isangi

Kabondo, Kisangani
Februari 1965

Papa mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima, pamoja na Mama na wote wa nyumbani. Mguu wako unaendeleaje? Na kikohozi cha Mama, je, kimemwacha alale? Sisi huku tungali hai. Watoto wamerudi masomoni, ingawa darasa lao halina paa. Barua hii anakuletea Tonton Séverin kwa pirogi yake ya makasia, maana posta bado haijafunguliwa.

Papa, unakumbuka Félicien alipokuja Isangi kuomba kura, kabla ya uhuru. Alisimama sokoni, suti yake imelowa jasho, akasema akichaguliwa kwenye baraza la jimbo, kwetu kutajengwa kinu cha mpunga na karakana ya meli, na vijana hawatashuka tena Léopoldville kwenda kufagia nyua za watu. Ulimwamini. Mimi mke wake nilimwamini kuliko wote. Ulitoa shamba lako la kando ya mto ili msingi uchimbwe, na watu wakakucheka kwamba mzee huyu sasa ndiye anayemlipia mkwe mahari.

Sitaki useme alikuwa mwongo tangu mwanzo. Alibeba mawe kwa mabega yake. René, mtoto wa Mama Félicité, ndiye aliyemfundisha kupanga matofali, na walikula lituma ya ndizi katika sahani moja. Alichaguliwa, lakini baada ya uhuru wazungu wa kampuni walikimbia, mashine zikakwama bandarini Léopoldville, jimbo likakatwa vipande, mawaziri wakabadilishwa kama nguo. Nilimsihi Félicien ashuke Isangi awaeleze watu ukweli. Akajibu: « Claire, nitaenda na mashine, siendi na maneno matupu. » Basi hakwenda. Msingi ukaota majani, vijana wakangoja mpaka wakachoka. Waasi wa Simba walipopita kwenu mwaka jana, René akawafuata.

Hapa mjini walikuwa wakitafuta kila mtu aliyefanya kazi ya serikali. Walipofika mlangoni petu, René alikuwa kati yao, amekonda, na bunduki begani. Alimtazama Félicien kwa muda mrefu. Nilijua kwamba akisema neno moja tu, mimi ni mjane. Mkubwa wao akauliza kama huyu ndiye député wa baraza. René akasema: « Hapana, chef. Huyu iko fundi wa kinu. Nilitumika naye kwetu Isangi. » Wakaenda zao. Félicien aliketi chini akalia, akaapa kwamba uhai wake sasa ni wa kijana yule.



Jeshi la serikali liliporudi mwezi wa kumi na moja, vijana wengi walikamatwa wakafungiwa katika ua wa ghala moja. Félicien aliitwa aketi karibu na ofisa, awatambue watu. Nilimpelekea chakula, nikawa nimesimama getini wakati René alipoletwa. Alikuwa amewaacha Simba zamani, mikono mitupu, bila viatu. Alipomwona Félicien, uso wake ulifunguka. Akasema: « Papa Félicien, uwaambie! » Ofisa akauliza: « Unamujua? »

Félicien alitazama meza. Akasema: « Simujue huyu mutu. »

Nilipiga kelele. Nilisema mimi namjua, ni mtoto wa Mama Félicité wa Isangi, ndiye aliyetuokoa. Ofisa akamgeukia mume wangu. Naye akamwambia, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba mke wake ni mgonjwa wa hofu tangu vita. Askari wakanitoa nje. René walimpeleka upande wa mto, na hakurudi.

Félicien anasema aliogopa, kwamba angesema anamjua wangemweka naye mstarini. Labda ni kweli. Sijui mtu hupimwaje siku kama ile. Lakini uchaguzi unakuja tena, na ameandika mpango mpya wa kazi kwa vijana, kinu kikiwa mbele ya yote. Atakuomba uwakusanye watu sokoni.

Papa, nakusihi, usiwakusanye.

Nasikia Mama Félicité bado anamwekea mtoto wake samaki wa kukaushwa. Usimwambie kitu. Nitashuka mwenyewe na meli ya kwanza, niketi naye, nimweleze mtoto wake alivyotenda, na nani alimkana. Félicien anajua. Hakunizuia. Aliniomba tu nisubiri mpaka kura zipite.

Vitu vyangu nimekwisha kuvifunga, na vya watoto pia.

Mshike Mama mkono kwa niaba yangu, uwape wadogo zangu busu. Mungu awalinde mpaka tuonane uso kwa uso.

Mimi binti yako,
Claire