Kabula Hajakataa Jina

Kasulo, Ngara
Jumatano asubuhi

Mama yangu,

Shikamoo. Kabla ya yote, mguu umepona, au bado unaukokota shambani kwa ukaidi wako? Na baba, kile kikohozi kimempa nafasi ya kulala? Sisi huku tunapumua.

Mjomba Masanja alifika juzi salama, ingawa gari lao lilishinda njiani likingoja askari wa kusindikiza kwa sababu ya majambazi. Sasa hivi yuko hapo nje anatafuna kijiti na kuangalia barabara. Ameniambia magari ya msafara yakijipanga tu anaondoka, barua iwe imekwisha au haijaisha. Kwa hiyo usishangae mwandiko.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Umesema mwanangu Kabula amelikataa jina la bibi alilopewa, ndiyo maana haitiki, na kwamba Mjomba amlete apitie kwa yule mganga mzee wa Nyakahura abadilishwe jina na kumiminiwa dawa masikioni. Ukatuma na kanga ya kumbebea. Nakujibu mapema ili usisome roho juu: Mjomba sijampa mtoto. Usikunje uso, mama. Nisikilize hadi mwisho.

Ni kweli, tangu ile homa kali alipolazwa na kutundikiwa dripu za kwinini, hageuki akiitwa. Nilijidanganya kuwa ni ukaidi, ameurithi kwako. Majirani hapa wamemgongea sufuria nyuma ya kisogo, wamempigia vigelegele, hapepesi hata jicho. Mmoja alisema mbele yangu, "Huyo ni bubu, mzoee." Nililia nikiwa nakoka moto, nikasingizia moshi.

Sasa sikia. Bado nafanya usafi kwa yule mhandisi mgeni anayesimamia maji ya kambini kwa wakimbizi. Kabula huwa mgongoni. Huyo bwana ana sanduku zima la kaseti, na siku ya kwanza aliniwashia redio yake ya kaseti, akaenda zake kazini. Mama, ile sauti ilikuwa inajikokota kama mlevi anayepanda mlima. Hakuna ngoma, hakuna mwimbaji. Nikajua betri zimekwisha, maana redio ya baba ilikuwa hivyohivyo. Nikazitoa zote sita, nikazianika juani juu ya bati, kama tunavyofanya nyumbani.

Mchana akarudi, akatazama huku na huku. "Mama Kabula, muziki wangu uko wapi?"

"Uko juani, bwana. Ulikuwa unakufa."

Alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia betri ni mpya kabisa, muziki ndivyo ulivyo. Kwao kuna watu wanakaa na mitambo ya umeme wanajaribu sauti, wanazitandaza tu kama sisi tunavyotandaza muhogo juani, na albamu nzima inaweza kuwa kitu kimoja kisicho na kichwa wala mkia. "Usiungoje uanze," alisema. "Kaa nao tu."

Mwanzoni ulinichosha. Albamu moja inavuma kama nyuki ndani ya mzinga. Nyingine ni kama mashine ya kusaga unayoisikia kutoka ng'ambo ya bonde. Unangoja wimbo, hauji. Mimi mtu wa kwaya, ningeuzoea wapi? Lakini baada ya siku chache nikaona mabega yangu yanashuka. Huku tangu wakimbizi waje hakuna saa ya kimya. Ni malori, ni watu kuitana, ni habari za nani ametekwa njiani. Ule muziki haukuniomba kitu.

Basi siku moja nadeki, ile ya nyuki inacheza, nikahisi mgongo wangu unatetemeka. Nikajua degedege la ile homa limerudi. Nikamfungua kanga haraka. Mama, alikuwa ananitazama, midomo ameifunga, anavuma. Mmmm. Sauti ileile ya kaseti.

Sikumwambia mtu. Kesho yake nikamkalisha mlangoni, mbali na redio, mgongo ameupa redio. Muziki wenyewe huja polepole hata mimi sijui saa ngapi umeanza. Yeye alijua. Aligeuka kabla yangu. Nikaweka albamu nyingine, yenye sauti nyembamba kama vijiko vinavyogongana: kimya, anachezea kiatu. Nikarudisha ya nyuki: akageuka. Nilifanya hivyo siku tatu, nikampeleka kwa muuguzi. Akasema ile dawa wakati mwingine huumiza masikio, na mara nyingi sauti nyembamba ndizo zinazopotea, nzito zikabaki. Amenipa karatasi ya kumwona daktari wa masikio akija hospitali. Na amenikataza kabisa, kabisa, kumtia kitu chochote masikioni. Unamkumbuka mtoto wa jirani yetu wa kisimani, sikio lilivyotoka usaha baada ya ile dawa ya majani? Kilichobaki kwa mwanangu ni kidogo. Sitakubali kimiminiwe dawa.

Jana nilimweleza Mjomba haya yote. Akakunja mikono. "Mama yako kaniambia nisirudi mikono mitupu." Akapiga makofi nyuma ya mtoto. Kimya. "Umeona?"

Nikamchukua Mjomba, na mtoto mgongoni, hadi kwa mhandisi, nikaomba radhi, nikaomba na kaseti. Tukakaa barazani. Kabula alikuwa anakula ndizi, ametupa mgongo. Muziki ukaanza kupanda.

"Huu ndio muziki?" Mjomba akauliza. "Hili si trekta limekwama tutani?"

"Mjomba, ngoja."

Tulingoja. Mama, sijawahi kungoja hivyo, hata siku ya uchungu wa kujifungua. Ndizi ikaisha. Mtoto akalamba vidole, akaanza kuchezea ganda. Mjomba akashika magoti ainuke. Ndipo Kabula akageuza shingo, taratibu, akaitazama redio.

Mjomba akakaa tena. "Rudia," alisema. Tukarudia, mtoto amegeuzwa upande mwingine. Akageuka tena. Muziki ulipozimwa nikamgeuza tena mtoto, kisha nikasema, "Mjomba, sasa mwite wewe. Usipaze sauti. Mwite kwa ile sauti unayosimamishia ng'ombe wa plau."

Akakohoa kwanza, kama mtu aliyeitwa kusoma kanisani. Kisha akaita kutoka kifuani, chini kabisa: "Kabula."

Mtoto akageuka, akacheka, na ndizi usoni.

Tukarudi nyumbani. Huko Mjomba akasema, "Nitamwambia dada nilichokiona. Akinipiga na mwiko, ni juu yako."

Kwa hiyo, mama, mjukuu wako hajalikataa jina. Tulikuwa tunamwita asikosikia. Wewe sauti yako ni nyembamba kama yangu, na mimi nimeanza kujifunza kumwita kwa kifua, majirani wananicheka wanasema nimekuwa dume. Jifunze na wewe. Ukiona aibu, anzia zizini. Baba Kabula bado yuko safarini na lori, ila alipopita wiki jana alisema neno langu ndilo lake, kwa hiyo usimtumie mtu mwingine kuja kumchukua.

Msalimie sana baba, umwambie asianike betri mpya. Wasalimie shangazi muuza dagaa na dada yangu mdogo, asiache shule. Wifi anayejua kupiga vigelegele kuliko wote, mwambie siku tukifika avimeze kwanza, amsogelee mtoto na kumwita chinichini. Atapata jibu.

Magari yanapiga honi, Mjomba amesimama. Anarudi na barua hii tu. Kanga uliyotuma sijairudisha, nimebaki nayo. Nitambebea mimi mwenyewe siku nikimleta.

Ni mimi mwanao,
Minza, Mama Kabula