Likizo ya Kaka Ulimi

Kiwandani,
Ijumaa, saa sita mchana.

Kwako Kaka Ulimi,

Salamu nyingi kutoka huku kiwandani, na natumai zitakukuta mzima wa afya, wewe na wifi na watoto. Mama naye hajambo? Mpe shikamoo yangu, umwambie magoti yake nayaulizia. Sisi huku ni wazima, ukiacha kikohozi cha Baba ambacho wewe unakijua, kile kinachomshika kila mtu mwingine akitaja sheria. Leo ni siku ya kumi na tisa tangu uondoke. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini naamini mama hajakupa jembe bado. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi na minne bila likizo hata ya siku moja ana haki ya kulala mpaka achoke kulala.

Barua yako niliipata Jumatatu, nikaisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti ili Baba asikie. Unasema ulimi umeanza kupona, ile ngozi iliyokufa imebanduka, na kwamba ulitafuna kipande cha kitunguu ukakisikia ladha, ukaita nyumba nzima ije ishuhudie. Tulicheka sana. Unasema wifi alilia, maana miaka yote ulipokuwa ukimwagia mboga yake chumvi na pilipili alidhani unadharau upishi wake, kumbe ulikuwa husikii kitu. Mpe pole. Baba aliposikia habari hiyo alipiga meza kwa furaha, akasema basi sasa tuna ulimi mpya, utaonja sabuni vizuri kuliko zamani.

Sasa nikupe habari za kazi, ambazo Baba ameniagiza nikuandikie kama zilivyo. Sabuni imeharibika. Sufuria ya wiki iliyopita ilikataa kushika, tukaimimina kwenye kalibu ikabaki uji. Ya juzi ikatoka kali mno, na mama mmoja wa mtaa wa nyuma alikuja na mikono iliyochubuka akaiweka juu ya meza yangu niitazame. Baba anasema hayo ndiyo matokeo ya kumtoa mtu mahali pake. Anakuomba, kama baba anavyomwomba mwanawe, uziache hizo siku tisa zilizobaki urudi kazini Jumatatu, kwa kuwa Jumanne anakuja mnunuzi wa ile hoteli kubwa, naye anataka kukuona ukionja. Siku tisa zako utapewa baadaye, mambo yakitulia. Sisi ni familia, na familia haiachani wakati wa shida.

Baba alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu nilipokuwa nikiandika hayo. Alisoma mpaka mwisho, akanigusa bega, akaniambia niongeze lile neno la familia, nami nikaliongeza. Sasa amekwenda kula, na akishakula hujinyoosha kidogo, kwa hiyo nina kama saa moja. Kuanzia hapa maneno ni yangu.

Nianze na siku ile alipokuja afisa wa kazi, kwa sababu wewe uliiona kutoka upande wako tu. Yule mama aliingia na mkoba wake na viatu vya kutembelea, akauliza wafanyakazi ni wangapi na kila mmoja alikwenda likizo lini. Baba akamvutia kiti, akamwambia amekosea mlango, kwani hapa hakuna wafanyakazi, hapa kuna familia. Akakuita mbele yake, akasema huyu ni mwanangu. Yule mama hakubishana. Alikugeukia akakuuliza jina la bibi yetu, mama mzazi wa Baba. Ulinitazama mimi kama mwanafunzi anayetaka kunong'onezewa jibu, kisha ukasema anaitwa Bibi. Aliandika jambo kwenye daftari lake, akasema mtoto asiyejua jina la bibi yake ni mwajiriwa, na mwajiriwa ana wiki nne za likizo kila mwaka, mshahara ukiwa palepale, na zako zianze Jumatatu. Hapo ndipo kikohozi kilipomshika Baba.

Wewe hukufurahi. Ulimsihi yule mama akuache, ukamweleza kwamba sufuria itaharibika, kwamba hakuna mwingine anayejua kuonja. Na mfukoni ulikuwa na karatasi ya daktari iliyosema upumzishe ulimi la sivyo utaupoteza, karatasi ambayo ulikuwa umeikunja na kuificha miezi miwili. Nimewahi kuona watu wakililia likizo. Sijawahi kumwona mtu akiililia isije.

Lakini nani alikufundisha hivyo kama si sisi? Ulipokuja hapa ulikuwa mbeba mapipa. Fundi wa zamani alipoondoka, Baba akakuita kwenye sufuria, akachota sabuni inayochemka kwa kijiko, akaipuliza ikapoa, akakuambia uiguse kwa ncha ya ulimi. Ikichoma, magadi bado hayajaisha nguvu, iendelee kupikwa. Ikinyamaza, imimine. Ukawa hukosei. Wenye maduka wakawa wanaleta wageni wao waje kukutazama ukitoa ulimi, na hata jina lako likasahaulika. Ulimi hauna mfupa, Baba aliwaambia wateja, lakini huu wa kwetu ndio uti wa mgongo wa kiwanda. Tulikuvika kilemba cha ukoka, nawe ukakivaa kwa heshima zote.

Kila mwaka ulipotaja likizo, jibu lilikuwa moja, nani ataonja. Kisha ulikuwa ukikaribishwa mezani kwetu, unapewa kiti karibu na Baba, na mtoto haombi likizo nyumbani kwao. Baada ya mwaka wa tano hukutaja tena. Ukawa wewe ndiye unayewaambia wengine, wale wakata miche na wapiga mihuri, kwamba wao wanaweza kwenda kupumzika, wewe huwezi. Ulilisema hilo kwa majivuno, nami nilikuwa nikikusikia nikiwa hapa mezani, na mara nyingine niliona haya, na mara nyingine ulinichekesha.

Sasa nisikilize vizuri. Sabuni haijaharibika. Uji niliokuandikia ni wa kutunga, na yule mama wa mtaa wa nyuma mikono yake ni mizima, alikuja kununua miche sita akaongeza miwili. Tangu uondoke tumepika sufuria kumi na moja na zote zimetoka safi, nyeupe, hazina ukali. Hatujamwonjesha mtu hata tone.

Tunatumia vikaratasi. Ni vidogo, vya manjano, vinakaa kwenye kiboksi cha ukubwa wa kiberiti. Unayeyusha sabuni kidogo kwenye maji, unachovya kikaratasi, unatazama rangi. Kikigeuka zambarau, bado. Kikiwa kijani, mimina. Hata mtoto wa shule angeweza. Na hatukuvinunua kwa ajili ya likizo yako, Kaka. Vipo kwenye droo ya chini ya meza yangu tangu mwaka wako wa pili kwenye sufuria. Yule anayetuuzia magadi alivileta bure, na kila akileta mzigo huongeza kiboksi, vimejaa mpaka droo haifungi. Siku ya kwanza alituonyesha mimi na Baba namna ya kuvitumia. Wewe ulikuwa umekwenda kuteka maji.

Nilimuuliza Baba kama nikuite uone. Akasema hapana. Akanieleza, tena kwa upole, kama anayenirithisha jambo, kwamba mtu anayeamini kazi haiendi bila yeye haombi likizo, na siku atakayojua inaenda, ataiomba kila mwaka na wenzake watamfuata. Akaniambia nifunge droo. Nikafunga. Nimekaa mbele ya droo hiyo miaka kumi na miwili nikikuona ukitoa ulimi asubuhi na jioni, nikikuona ukinywa chai ya moto bila kushtuka, nikikuona ukipakua pilipili kwa kijiko cha kulia wali. Nilijua wifi anakuonea kwa kukudhania dharau. Ningeweza kumwambia.

Na kuna la baba yako mzazi. Alipofariki ulikuja hapa mezani kwangu, si kwa Baba, ukaniomba nikusemee upate siku tatu za kumzika na kukaa na mama. Ulikuwa umeshika kofia mikononi. Baba hakuwapo siku hiyo. Hakuna aliyeniamuru. Mimi mwenyewe, kwa kinywa changu, nilikwambia kuna oda kubwa jikoni na nikakuuliza nani ataonja. Ukafikiri kidogo, ukasema kweli. Ulikwenda alfajiri ukarudi jioni ileile, na ulinisimulia kwamba uliondoka makaburini watu wakiwa bado wanafukia. Ukaonja ukiwa na udongo kwenye viatu. Nilikuwa nimekaa na goti langu limegusa ile droo.

Tangu afisa wa kazi aje, Baba amemnunia fundi cherehani wa jirani, anamdhania ndiye aliyetuchongea. Ni mimi. Nilimpigia simu yule mama mara tatu, nikamweleza saa ya kuja ambayo Baba angekuwapo, na hata lile swali la bibi nilimpa mimi, maana nilijua Baba atasema wewe ni mwanawe na nilijua hutaweza kulijibu. Usidhani nilikuonea huruma. Ningekuwa na huruma, nisingesubiri miaka yote hii.

Nilikuwa naitaka sufuria. Tangu nikiwa binti mdogo nilikuwa nikisimama mlangoni kutazama mafuta yakigeuka, na kila mara Baba alinifukuza, mahali pa mtoto wa kike ni mezani na kalamu. Kaka zangu wawili walipewa mwiko, wakautupa wakaenda zao, na mimi niliyeutaka nikaambiwa yupo Ulimi. Wewe ndiye uliyekuwa umenizibia njia, na wala hukujua. Ilibidi utoke mlangoni wiki chache tu, nimwonyeshe. Sufuria kumi na moja hizi nimezipika mimi. Baba amekuja akaikata miche kwa mkono wake, akainusa, hakusema neno, na kwake hiyo ni sifa. Lakini mnunuzi wa hoteli alipopiga simu akauliza kama bado yupo yule mtu wa kuonja, Baba akakumbuka kwamba vikaratasi havina maajabu ya kuonyesha wageni. Ameniambia waziwazi, ukirudi Jumatatu mimi narudi mezani, usiporudi sufuria ni yangu. Anachotaka kwako si kazi tena. Anataka utoe ulimi mbele ya watu, huo uliopona.

Kwa hiyo humu ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine. Ni barua ya kuacha kazi. Nimekwisha kuijaza, tarehe nimeandika, sababu nimeweka afya, wewe utie sahihi tu uirudishe. Siku tisa zako zimalize bila wasiwasi, hizo hakuna wa kukunyang'anya. Habari ya likizo za miaka mingine kumi na mitatu kamuulize afisa mwenyewe, mimi siwezi kukushauri dhidi ya nyumba yetu.

Namsikia Baba anakohoa kule ndani, ameamka. Nimalizie. Nakufahamu, Kaka. Habari ya vikaratasi ungenisamehe. Ungesema wale ni wazee wetu, hawakujua madhara, ungefunga mizigo Jumapili ukarudi kuonja. Hata ya simu ungenisamehe, pengine ungenishukuru. Ndiyo maana nimekuandikia ya mazishi. Nilitafuta jambo moja ambalo huwezi kulisamehe, nikaliona hilo, na nimeliandika lote bila kupunguza, ili usirudi.

Nisalimie watoto, uwabusu mmoja mmoja. Wifi mwambie sasa apunguze chumvi. Mama mwambie namwombea nafuu ya magoti, na ikikupendeza asijue mambo ya barua hii. Karatasi ile ukiitia sahihi, itume kwa jina langu, isipitie mkononi kwa Baba.

Ni mimi,
uliyekuwa ukiniita dada.