Maji ya Bi Halima na Tumbo la Jivu

Garissa

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai goti limetulia na ukungu wa Wundanyi haujakutesa. Mimi ni mzima, ila jua la huku halina simile. Nimerudi kutoka kambi ya wakimbizi ya Hagadera, habari za gazeti nimekwisha kuzituma, sasa nakuandikia zetu.

Najua utamwulizia kwanza Jivu, mbwa aliyetuachia marehemu Baba. Yu hai. Wiki iliyopita nilidhani nitakuandikia vingine.

Alikula matumbo ya mbuzi yaliyooza nyuma ya machinjio. Akatapika, akaharisha, akaishia kulala ubavu mlangoni. Daktari wa mifugo alikuwa Ijara akichanja ng'ombe. Jirani yangu Bi Halima, muuza maziwa, alisikia kwamba kwangu kuna mgonjwa wa tumbo, akadhani ni mimi. Akanipitishia kidumu cha maziwa ya ngamia juu ya ua. Huku maziwa hayo husifiwa kwa kila ugonjwa, basi nikammiminia Jivu yote kwenye bakuli lake. Akazidi kuharisha.

Kesho yake Bi Halima alikuja kuchukua kidumu.

"Umebona, walaal?" Ndivyo anavyoniita, yaani ndugu, na "p" kwake huwa "b".

"Mgonjwa ni mbwa, Bi Halima. Ndiye aliyekunywa."

Akacheka hadi akashika ukuta. "Maziwa yangu! Wallahi, wewe mwenyewe siku ya kwanza ulikunywa ukakimbia choo kama umeitwa na D.C. Sasa huyu mgeni mwenzako ulitaka afanye nini?"

Hapo nilikuwa nimeshaanza njia ya Baba: kumnyima chakula kutwa nzima, na kumpa maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kidogo, kijiko baada ya kijiko. Lakini Jivu aligoma. Nikimfungua mdomo, sina mkono wa kumimina. Nikimimina, kichwa kinaanguka. Nilipomfinya ngozi ya shingo ilibaki imesimama. Mwili ulikuwa umekauka, naye ni mzee.

"Hivi huyu atakufa?" Bi Halima akauliza. Alikuwa ameacha kucheka.

"Asipokunywa, atakufa."

Mama, kwa watu wa dini yake mate ya mbwa ni najisi. Yakimgusa, lazima aoshe mara saba, mojawapo kwa udongo. Na siku hizo mikokoteni ya punda ilikuwa haijaleta maji mtaani. Sikumwomba.

Alikunja mikono ya nguo, akapiga magoti, akasema "Bismillahi," akalishika taya la Jivu kama anavyoshika ndama.

"Mimina! Unangoja nini, mwandishi? Bole bole, usimzamishe."

Jivu akameza. Tulipomaliza nilimletea maji yangu anawe. Akayakataa: "Hayo ni ya mgonjwa." Akaenda kwake, akachota udongo, akaosha hadi hesabu ikatimia, bila haraka, kwa maji aliyokuwa amewekea chakula cha jioni. Niliona chungu chake hakikupanda jikoni, kwake walikula tende tu. Jua lilipoinama akarudi kumshika tena, akaosha tena. Nimewaandika watu wengi waliopigiwa makofi hadharani. Huyu hakutazama hata kama kuna anayemwona.

Asubuhi Jivu alikunywa mwenyewe. Nikamwanzishia wali laini usio na mafuta wala chumvi, kidogo kidogo, hadi choo kikashikana. Sasa anakula kama kawaida, na kila asubuhi humngoja Bi Halima langoni. Yeye humwinulia fimbo: "Kaa huko, mzee! Wewe umenimalizia maji." Halafu, akishapita, hugeuka kuniuliza, "Amekula?"

Nisalimie Mjomba wa mizinga ya nyuki, na shemeji fundi cherehani. Shati alilonishonea ndilo ninalovaa nikienda kuonana na wakubwa. Bi Halima naye anakusalimu. Anasema nikuambie kwamba mbwa wako ni mkaidi kama mwanao, ila mbwa ameanza kusikia.

Mwanao,
Mwakio