Mabuti Niliyovaa Hata Kanisani

Marahaba, mjukuu wangu Bhoke. Hapa Ringwani tu wazima, na mtama umekubali.

Umeuliza kama kuacha sukari kutaponya kuvu ya ukucha wako. Enzi za ujamaa, nikiwa binti, nilizawadiwa mabuti ya mpira kwa kulima vizuri shamba la kijiji. Nilishinda nayo, hata kanisani, mpaka ukucha ukawa wa njano na kumegeka. Nikaacha nyama nikidhani ndiyo chanzo, haukupona.

Mganga wa zahanati akaniambia, “Binti, kula ushibe. Miguu yako ndiyo inalowa jasho kutwa.”

Nilipaka dawa, nikavaa viatu vya tairi, wenzangu wakanicheka. Ukucha mpya ulichukua karibu mwaka.

Wewe kapime sukari ya damu, maana kisukari huchochea kuvu, uonyeshe ukucha hospitali, na miguu ikauke. Mimi harusi yangu niliicheza pekupeku.

Bibi yako, Ghati