Nyoka wa Mama Natacha

Sundbyberg, Stockholm
Mwezi wa tano

Kwa Yaya Pélagie, dada yangu mkubwa, Uvira,

Pokea salamu zangu, wewe na wote wanaokula kwenye sahani yako. Magoti yako yanaendeleaje, bado yanatabiri mvua? Mimi nipo, nakula, nalala, nasumbua watu kama kawaida. Baridi ya huku imeondoka bila hata kuaga.

Yaya, najua ile video imekufikia. Binti yangu Aurore aliituma kwenye kundi la familia kabla sijavua hata buti, na nasikia huko mnaniita Muzee Nyoka na wewe umenitangaza kanisani. Basi kaa chini nikueleze, maana video inaonyesha mwisho tu.

Kuna mama mmoja Mrundi, mjane, anaitwa Épiphanie. Sisi tunamwita Mama Natacha. Amekodi kashamba hapa karibu, kadogo kama mkeka, anapanda lengalenga na maharage. Mimi humsaidia kupalilia, yaani nakaa kwenye kiti na kumwambia amekosea.

Jua liliporudi, akatokea nyoka kwenye rundo la mawe. Wenyeji wanamwita huggorm. Ni kama mdogo wake kifutu, mwembamba, ana michoro ya kupinda mgongoni, na sumu anayo. Kumuua ni marufuku, sheria inamlinda. Nilicheka sana: huku hata nyoka amepewa makaratasi ya kukaa, na sisi tuliyasubiri mpaka meno yakang'oka.

Natacha, anayesomea uuguzi Flemingsberg, akamwambia mama yake kwa Kiswidi cha haraka haraka kwamba nyoka asipoondoka, shamba linarudishwa kwa wenyewe. Mama yake alichuchumaa tu, akashika udongo. Yaya, mama huyu alikimbia vita na mtoto mgongoni, na hana kitu kingine anachokiita changu. Sikuweza kutania siku ile, nawe unajua hiyo kwangu ni homa.

Kikundi cha maombi ndicho kilichotangulia. Ndugu Juvénal alisema nyoka yule si wa bure, ametumwa na wakwe. Alimkemea huku amefumba jicho moja tu, na jembe kaficha nyuma ya mgongo. Nyoka alisikiliza mahubiri yote, kisha akageuza ubavu wa pili juani. Nikawaambia waende wakanywe chai, kazi hii ni ya watoto wa bonde la Ruzizi.

Unakumbuka kwenye mpunga, wewe na kikapu, mimi na fimbo? Sheria ni zile zile: usimkimbilie, usimshike mkia, usijifanye shujaa. Mimi na Mama Natacha tulikwenda asubuhi, mwili wake ukiwa bado na baridi na mwendo wake mzito. Buti mpaka magotini, glavu nene, fagio la mpini mrefu na ndoo yenye mfuniko. Ndoo unailaza mbele yake, halafu unamsukuma polepole kwa fagio. Yeye anatafuta giza, ataingia mwenyewe. Unaisimamisha ndoo kwa ule mpini, unafunika, unampeleka msituni. Mimi niliongeza miwani ya kuogelea, kwa kuogopa mate ya swila. Jirani Mswidi akaniuliza kama nakwenda ziwani. Kumbe wa huku hatemi mate! Nilijiandaa kupigana na nyoka wa nyumbani.

Sasa, Yaya, nikwambie ambalo video haikuonyesha. Si mimi niliyemkamata. Nilipoinua fagio, mkono wangu wa kuume ulitetemeka, fagio likagonga ndoo kama ngoma, na nyoka akajikunja tayari kuuma. Haukuwa woga. Mkono huu unatetemeka tangu mwaka jana. Daktari amesema ni ugonjwa wa ubongo na mishipa, dawa itautuliza lakini hautapona. Aurore sijamwambia bado. Ukiona herufi zangu zinakwenda upande, usidhani ni bia.

Mama Natacha aliniondolea fagio mkononi, akanisogeza nyuma, akaniuliza afanye nini. Nikamwelekeza, naye akafanya taratibu, jasho linamtoka, mpaka nyoka akaingia. Aurore alipofika na simu yake, mama yule alikuwa amekwisha kunikabidhi ndoo iliyofunikwa, nionekane mimi. Tangu mke wangu afariki, sijapewa heshima kama ile.

Tulipotoka msituni nikamshauri atafute mwanamume mwenye mikono mizima. Akanijibu kwamba mikono mizima anayo yeye, ila siku nisipofika shamba linakuwa kimya mno. Kisha akaushika huu mkono mbovu, akaenda nao mpaka kituoni.

Kwa hiyo nakuomba, wewe uliyebaki mzazi wetu: njia ikiwa salama, vuka mpaka uende Bujumbura kwa kaka yake Révérien, ukaniposee. Ndiyo, cheka kwanza, nasubiri. Lakini usimfiche kitu. Mwambie bwana harusi ana mvi, ana mdomo, na mkono wake mmoja unatetemeka na utazidi. Mwambie dada yake ameuona na hakuuachia. Aurore nitamwambia mwenyewe Jumapili, baada ya kula.

Nisalimie wajukuu, majirani, na yule padri wenu anayesinzia. Na kanisani, Yaya, rekebisha ulichotangaza: nyoka alikamatwa na wifi yako.

Ni mimi mdogo wako, msumbufu wako,

Norbert