Alama Juu ya Jina la Mama

Jumatatu, 10 Februari
Theluji tena. Kazini nimeomba ruhusa. Bado napanga kijitabu cha mazishi ya Mama. Ndani nimetumia fonti (aina ya herufi) nene kidogo, wazee wa kanisa waisome bila kuhangaika. Ya jalada amechagua kakangu Kamau. Herufi zake zimejaa madoido. Ni ya kadi za harusi.

Jumanne, 11 Februari
Fonti ya Kamau haina ũ, ile u yenye alama juu ya lugha yetu. Nikiandika jina la Mama, Wangũi, kompyuta inaazima herufi hiyo kwenye fonti nyingine. Inakaa katikati ya jina kama mgeni asiyealikwa. Nikampigia.
"Andika Wangui tu. Hata pasipoti yake haina hiyo alama."
"Pasipoti aliandika karani. Kijitabu hiki tunaandika sisi."
Akakata simu.

Jumatano, 12 Februari
Nimejaribu fonti mpaka macho yanauma. Zenye ũ zinagombana na kurasa za ndani: jalada linapiga kelele, ndani kunanong'ona. Jioni nikapata moja. Ndefu, nyembamba, tulivu. Imeelewana na ya ndani mara moja. Nimemtumia Kamau. Hajajibu. Nina hasira. Naogopa pia. Sina ndugu mwingine.

Alhamisi, 13 Februari
Mpiga chapa wa hapa mjini Brampton ameuliza nitachukua vijitabu saa ngapi. Vijitabu gani? Kamau alishampelekea faili la zamani! Nimeendesha gari hadi kwake. Rundo zima la majalada: Wangui, Wangui, Wangui. Nimelia mbele ya mtu nisiyemjua.
"Jalada naweza kurudia, dada," akasema. "Lakini mteja ni kaka yako. Yeye aseme."
Nikampigia. Baba anakaa kwa Kamau, akasikia yote. Nikamsikia akiuliza polepole, "Kamau, mimi nilimwita mama yako nani?"
"Mwambie arudie," Kamau akasema.

Ijumaa, 14 Februari
Vijitabu vimefika. Kamau amevibeba kutoka kwenye gari. Ameviweka mezani, akaondoka.

Jumapili, 16 Februari
Tulimzika jana. Leo nilikuwa kwa Kamau, naosha vyombo. Binti yake Tasha, ambaye Kiswahili anakisikia tu bila kukizungumza, alimwonyesha baba yake jalada na kumuuliza kwa Kiingereza ile alama ni ya nini. Kamau akakaa chini. Akamtamkia jina la nyanya yake, ile ũ ikielekea kwenye o, kama Baba anavyolitamka. Tasha akajaribu. Akakosea. Akajaribu tena.
Nikafunga bomba ili nisikie.